Kunde za Kilimani

Mche wa kunde uliokatwa na sungura hutambulika upesi. Mbuzi huvuta na kung'oa, panzi hutoboa majani, lakini sungura hukata shina mshazari, kama mtu aliyepita na kisu kikali. Asubuhi moja ya mwezi Machi 1975, Mogesi, mjane wa Machage, alikuta bustani yote ya nyuma ya nyumba yake imekatwa hivyo. Miche ilikuwa imetoa majani mawili mawili tu. Aliinama, akaokota punje ya kinyesi kikavu cha mviringo, akaivunja kwa kidole, akaitupa. Kisha akaingia ndani kutazama kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya mafiga.

Mbegu iliyobaki ilijaza kiganja na kuzidi kidogo.

Kunde zake ni ndogo, nyeusi, zenye doa jeupe kwenye kitovu. Alizipokea kwa mama yake siku aliyoolewa, akazipanda kilimani kwa Machage kila msimu bila kukosa. Majani yake hubaki laini hata jua linapokuwa kali, na hayahitaji magadi ili yaive. Kule kilimani kila nyumba ilikuwa nazo. Lakini katika ukame wa mwaka 1974 watu walikula mbegu, kisha wakahamishwa na kutawanywa katika vijiji tofauti, na katika kijiji kipya karibu na Morotonga hakuna mwingine aliyekuja nazo. Wengine walipanda kunde nyekundu walizogawiwa na bwana shamba. Zinazaa vizuri, na Mogesi hakuwahi kuzisema vibaya. Alisema tu kwamba si zile.

Na zile zilikuwa na mtu wake. Mwanawe Heche, pekee aliyebaki hai kati ya watoto aliowazaa, aliondoka mwaka 1973 kwenda Kericho, Kenya, kuchuma chai ili apate ng'ombe wa kuolea. Alfajiri ya kuondoka mama yake alimpikia majani ya kunde hizo kwa maziwa, akala akiwa amesimama, fimbo mkononi, akasema akirudi aikute sufuria hiyo hiyo. Alikuwa kijana wa mzaha. Akashuka mteremko kuelekea njia ya Sirari, na mama yake akabaki kwenye mlango wa ua wa minyaa, miti yenye utomvu kama maziwa, mpaka asimwone tena.

Mwaka uliofuata ikaja operesheni ya vijiji. Watu walijua itakuja, wachache waliamini. Paa la nyumba ya Mogesi lilishushwa asubuhi, nguzo zikapakiwa kwenye lori pamoja na za majirani, na kabla jua halijatua alikuwa ameketi juu ya mzigo wake katika kiwanja kilichopimwa kwa kamba, katika mstari wa viwanja vinavyofanana, mbele yake barabara na nyuma yake pori lililokuwa limefyekwa juzi. Mbuzi walifika kwa miguu. Kaburi la Machage lilibaki kilimani.

Wanyama hawakuhamishika kwa urahisi kama nguzo. Paka walipotea siku za mwanzo. Mbwa walikaa kidogo zaidi, wakala ugali waliopewa, kisha mmoja mmoja wakarudi mahameni. Wenyewe waliwafuata, wakawaleta kwa kamba, mbwa wakarudi tena. Baada ya miezi michache kijiji kilikuwa na watu wengi na mbwa wachache sana, kando ya pori lenye sungura. Nyasi changa za mahali palipofyekwa ziliwavuta sungura, na nyuma ya nyasi walikuta bustani.

Mogesi alipigana nao kwa misimu mitatu. Alianza na majivu, akayanyunyiza juu ya majani kila jioni; mvua ikayaosha. Akaweka boma la matawi ya miiba kuzunguka bustani. Boma lilifaa kwa muda, lakini udongo wa pale una mchwa, na kabla kunde hazijatoa maua miiba ilikuwa imeliwa chini na kubaki kama chokaa ya kahawia, ukiigusa inaanguka. Akachomeka vigingi, akavipaka samadi iliyochanganywa na mkojo wa ng'ombe. Sungura walikaa mbali siku chache, wakazoea. Akafunga makopo kwenye kamba yagongane kwa upepo. Hayo yalimsumbua yeye kuliko sungura.

Kila msimu alipanda sehemu tu ya mbegu, na kila msimu miche michache iliyopona ilimrudishia karibu kile alichopanda, mara nyingine pungufu. Hakuthubutu kuchuma majani yake ale. Alinunua mboga kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa Verdiana, mke wa Nashoni. Walitoka upande wa Natta, na kwa kuwa Mogesi hakukisikia vizuri Kinatta na Verdiana alicheka kila alipojaribu Kikurya, walizungumza Kiswahili, kila mmoja akikikunja kwa namna ya kwao. Nashoni alifanya kazi ya kufua na kutandika katika kambi ya watalii, akija nyumbani mara moja kwa mwezi na sabuni na habari.

"Shikamoo mama," alisema safari moja, akisimama kwenye bustani iliyoliwa. "Wazungu wanapanda ndege kuja kumwona simba. Sungura akipita mbele ya hema hawageuzi hata shingo."

"Marahaba. Wapelekee hawa wangu. Sitaki kitu."

Nashoni alisema kuna dawa. Mpishi wa kambini alikuwa na bustani ndogo ya mchicha na vitunguu, na hakuna mnyama mdogo aliyeigusa, kwa sababu mpishi alizika kando yake kinyesi cha simba. Safari iliyofuata, mwezi Aprili 1976, akaja na kopo lililofunikwa kwa majani na kufungwa kwa kamba ya katani. Verdiana alimkataza kuliingiza ndani ya nyumba. Mogesi alilipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto, akachimba vishimo kando ya bustani, akaweka kidogo kidogo, akaacha wazi ili harufu itoke.

Sungura hawakuja. Kunde zilifika kwenye kifundo cha mguu, zikafika kwenye goti, zikaanza kutambaa. Mogesi alitoka asubuhi akitembea polepole kati ya mistari, bila kugusa kitu. Verdiana alisema baadaye kwamba hizo ndizo siku za kwanza alizomsikia akiimba.

Kosa lake lilikuwa moja, na si la mtu asiyejua. Mogesi alizaliwa katika boma la ng'ombe, alikamua tangu utotoni, aliolewa kwa ng'ombe, na angeweza kumtambua dume wa mtu kwa kusikia mlio wake. Alijua kinachowatisha. Lakini kwa miaka miwili alikuwa amefikiria sungura tu, na ng'ombe wa kijiji walirudi kutoka mtoni kwa njia ya nyuma ya mstari wa nyumba.

Jioni hiyo upepo uligeuka. Dume la mbele lilisimama, likainua pua, likavuta pumzi, likageuka. Kundi zima liligeuka nalo. Ng'ombe walipita katikati ya shamba la pamba la kijiji, lile la ushirika ambalo kila nyumba ilikuwa imetoa nguvu kulipalilia, wakavuka upande wa pili, na wengine hawakupatikana mpaka kesho yake. Wanaume walichukua mikuki na pinde wakaingia porini kumtafuta simba. Mmoja alisema ameuona mkia. Walimtafuta mpaka giza likawarudisha, na aliyegundua ukweli ni mama mmoja aliyepita nyuma ya nyumba ya Mogesi akaziba pua.

Kamati ya kijiji ilikutana. Nashoni alikuwa amekwisha kurudi kambini, jambo ambalo wengi waliliona kuwa la busara. Wapo waliotaka Mogesi atozwe mbuzi kwa ajili ya pamba. Wapo waliocheka mpaka wakashindwa kusema. Mwenyekiti wa kijiji, Waitara, mtu wa ukoo wa marehemu mume wa Mogesi, aliwaacha wamalize, kisha akaamua: afukue na kufukia mbali alichokiweka, na kabla ya mvua za vuli apande ua wa minyaa kama nyumba zote za mstari wake. Hakuna mbuzi. Mogesi alisema amesikia. Hakusema atapanda.

Alifukua siku hiyo hiyo. Kwa siku chache harufu ilibaki kwenye udongo, kisha mvua ikaiondoa, na sungura wakarudi katika bustani ambayo sasa ilikuwa na maua. Walikula ncha zote. Maganda aliyovuna baada ya hapo yalitosha ngumi moja.

Mwezi Julai Waitara alikwenda kumwona. Alikaa kwenye kigoda nje, akakubali uji, akauliza habari za mbuzi. Alitazama upande wa kulia, ambako ua wa Verdiana ulikuwa umefika kifuani, na upande wa kushoto, ambako wa jirani mwingine ulikuwa umefunga kabisa. Kati yao palikuwa na uwazi.

"Shemeji, huna ua."

"Ninao."

"Uko wapi?"

"Unajua ulipo. Ulikunywa pombe siku ulipopandwa."

Katika ukoo wao ua wa minyaa haukuwa kazi ya bustani. Mwanamume aliupanda pale alipokusudia kuzikwa, mke wake akimkabidhi vipando kimoja kimoja, na wazee wakishuhudia. Boma la miiba mtu aliweka popote, hata kwenye kambi ya kuchungia. Minyaa alipanda mara moja. Machage alipanda yake kilimani, Mogesi akimkabidhi, na sasa alikuwa amelala ndani yake.

"Ua ule hauna nyumba," Waitara alisema.

"Una kaburi."

"Hata la baba yangu liko kule. Hapa nimepanda. Sikupenda, lakini nimepanda."

"Ulihama na watoto wako, shemeji. Mimi wangu hajui kama nimehama. Nikipanda hapa, nimemwambia nini?"

"Akirudi atauliza."

"Atamuuliza nani? Kule hakuna mtu."

Waitara alimaliza uji wake. Alisema, bila ukali, kwamba mbegu zake ameziona, na kwamba mtu hawezi kumngojea mwanawe na chungu kitupu. Akaaga.

Maneno hayo ya mwisho yalimuudhi, Mogesi alimwambia Verdiana, kwa sababu yalikuwa kweli. Sasa alijua kinachopimwa. Bila ua mbegu ingebaki msimu mmoja, labda miwili. Kwa ua, angekuwa amekiri kwa mkono wake mwenyewe kwamba kilimani kumekwisha. Aliwaza mpaka akapata njia ya tatu, na kwa siku kadhaa alitembea kama mtu aliyepona. Angepanda kunde kilimani. Ua wa Machage ungali umesimama. Ndani yake udongo una samadi ya miaka yote ya zizi. Angekwenda kupalilia na kurudi. Kama Heche angefika siku yoyote, angekuta mmea wa nyumbani na kujua kwamba mama yake yupo karibu.

Akafunga jembe kwenye kanga na kuondoka asubuhi, mwishoni mwa Agosti. Njia aliijua, lakini ilikuwa imeanza kujifunga. Alipofika chini ya mteremko aliuona ua kwa mbali, wa kijani kibichi katikati ya nyasi kavu, mrefu kuliko alivyouacha. Alisimama kidogo kupumzika, ingawa hakuchoka.

Kwa karibu ulikuwa mwingine. Minyaa isiyokatwa hukimbilia juu na kuacha miguu wazi, na kule kilimani hapakuwa na mtu wa kuipunguza ncha na kuchomeka vijiti vipya chini. Juu ulifunga, chini mtu angeweza kupitisha mtungi. Aliingia kwa mlango. Kuta za nyumba zilikuwa zimekaa chini, mvua ikiwa imezirudisha kuwa udongo. Zizi lilikuwa duara la nyasi ndefu. Kwenye kaburi la Machage nyasi zilikuwa zimelazwa mahali pamoja, pakiwa na umbo la bakuli, na ndani ya bakuli hilo alikuwepo sungura.

Hakukimbia mara moja. Aliinua masikio, akamtazama Mogesi kwa jicho la upande, kama mwenye nyumba anayesubiri mgeni aseme shida yake. Mogesi aliinua jembe. Halafu akalishusha. Sungura akainuka bila haraka, akapita chini ya minyaa mahali palipokuwa na njia iliyokanyagwa vizuri, na vinyesi pande zote mbili. Njia za namna hiyo zilikuwa nyingi. Alizunguka ua mzima akizitazama.

Alikaa karibu na kaburi mpaka jua lilipopinda. Alichosema pale hakumwambia mtu, wala Verdiana hakumuuliza. Kisha akang'oa nyasi zote juu ya kaburi kwa mkono, akalisawazisha kwa jembe, na akaanza kukata matawi ya minyaa, akichagua yenye unene wa kidole gumba, akiyalaza kivulini ili maziwa yakauke. Alibeba mzigo ambao mwanamke wa umri wake hakupaswa kuubeba, na kesho yake akarudi kuchukua mwingine.

Ua ulipandwa Septemba, mvua za kwanza zilipolainisha udongo. Hapakuwa na wazee wala pombe. Ilipasa pawe na mwanamume wa nyumba, na hakuwepo. Mogesi alichimba mfereji mwenyewe na kumwita Verdiana amshikie vipando. Verdiana, ambaye kwao ua ni ua tu, aliona namna mwenzake alivyotawadha mikono kabla ya kuanza, akaiosha ya kwake pia.

"Mama, kuna la kusema?"

"Lilikuwepo. Lilikuwa la mwanamume." Mogesi aliinama kwenye mfereji. "Nipe kimoja kimoja. Na usijifute usoni, maziwa yake yanapofua macho."

Walikwenda hivyo mstari mzima, bila maneno mengi. Kati ya vipando Mogesi alichomeka miiba mikavu ya kuziba kwa muda, ili mchwa walipoimaliza minyaa iwe imekwisha kushika. Hilo hakuwa amelifanya kabla, kwa kuwa hapakuwa na minyaa ya kuingojea.

Maagizo ya kijiji yalitaka kila ua uwe na mlango wake barabarani. Mogesi aliacha upande wa barabara ukiwa umefunga kabisa. Mlango aliuweka nyuma, upande wa pori, mahali ambapo mtu anayeshuka kutoka kilimani angefikia. Wageni wake walilazimika kuzunguka uwanja wa Verdiana. Waitara alipokuja kukagua alizunguka pia, akakwaruzwa na matawi ya ua wa Verdiana, akafika akiwa anakung'uta suruali.

"Shemeji, mlango umeangalia porini."

"Umeangalia anakotokea mtu wangu."

Mwenyekiti alitazama kilima, kisha barabara, ambako katibu kata angepita na gari siku yoyote. Alisema akiulizwa atajibu kwamba upande wa mbele kuna mwamba. Hakuna mwamba wowote pale.

Februari 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa. Watu waliokuwa wakivuka Sirari kama wanaovuka uwanja wa nyumba walisimama upande huu, na habari za Kericho zikakoma. Mara ya mwisho mtu mmoja wa Tarime alikuwa amesema alimwona kijana anayeitwa Heche katika kambi ya wachuma chai, mrefu, mwenye mzaha. Mogesi alimuuliza kama kijana huyo alikuwa na kovu kwenye kidevu. Mtu huyo hakukumbuka kidevu.

Masika ya mwaka huo kunde zilikua ndani ya ua mchanga, wenye urefu wa magoti. Sungura walikuja, nyayo zao zilionekana nje kwenye udongo laini, zikifuata mstari wa ua, zikisimama, zikiendelea. Wachache waliingia palipokuwa na miiba dhaifu, Mogesi akapaziba. Mwezi Juni alivuna kibuyu kizima, akapima mbegu kwa vikombe, akampa Verdiana sehemu. Verdiana alipanda za kwake pamoja na zile nyekundu, na Nashoni, ambaye hatimaye aliruhusiwa tena kupita nyuma ya nyumba, alisema hizi nyeusi zinashinda, lakini kwamba yeye hasemi lolote tena kuhusu bustani ya mtu.

Ndipo Mogesi akachuma majani ya kunde zake kwa mara ya kwanza tangu ahamishwe. Aliyapika kwa maziwa. Alikuwa amesahau kipimo cha mtu mmoja na akapika mengi. Yaliyobaki aliyapeleka kwa Verdiana ndani ya bakuli, na watoto wa kule wakayamaliza.

Leo ua wake umempita kichwa. Anaupunguza ncha kabla ya kila mvua na kuchomeka vijiti chini, na ni nadra kuona uwazi. Hajamwambia mtu waziwazi wapi angependa kuzikwa. Jioni, mbuzi wakiingia, anafunga mlango wa nyuma kwa kichaka cha miiba. Majirani hufunga vya kwao kwa kamba ya katani, na Verdiana amemshauri afanye hivyo. Yeye huegemeza tu, kiasi cha sungura kushindwa kupenya na mtu mzima kuweza kukisukuma kwa mkono mmoja.